Uliza Ujibiwe: Je, sheria inaweza kumfungia mvamizi mlango wa mkutano?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii kutoka Arusha na Moshi zinazunguka jambo moja. Nchi ikivamia jirani yake, na wabunge wa nchi nyingine wakatunga sheria ili mvamizi asikaribishwe kwenye mikutano ya wakuu wa uchumi, kinachotokea hasa ni nini? Tumejibu zile zilizouliza kwa undani. Zilizofanana tumeziunganisha.

Nilisikia redioni kwamba wabunge wa Marekani walipitisha muswada wa kuitoa Urusi kwenye G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa. Mbona Urusi bado ipo? Muswada ulikwama, au sheria ya Marekani haina nguvu huko? — J.M., Njiro, Arusha

Haina nguvu huko, na yenyewe haikudai kuwa nayo. Muswada huo ni H.R. 6891, na Baraza la Wawakilishi liliupitisha Mei 2022, Urusi ikiwa imeingia Ukraine tangu tarehe 24 Februari. Ukiusoma, angalia agizo linamwendea nani. Hausemi kwamba Urusi imetolewa G20. Unamwagiza Waziri wa Fedha wa Marekani, Benki Kuu yao na tume inayosimamia masoko ya hisa wachukue kila hatua inayowezekana ili maofisa wa serikali ya Urusi wasishiriki. Maana yake, bunge linawaamuru watumishi wa nchi yake. Mwenyekiti wa mkutano, kama ni wa nchi nyingine, halimgusi.

Sasa tazama G20 yenyewe. Haina mkataba wa kuianzisha, haina sekretarieti ya kudumu, na haina kifungu cha kumfukuza mtu. Kila mwaka nchi moja inashika uenyekiti, na hiyo ndiyo inayotuma mialiko. Mwaka 2022 zamu ilikuwa ya Indonesia. Marekani na wenzake walishinikiza, lakini Indonesia ilimwalika Rais Putin wa Urusi kama mwanachama na Rais Zelensky wa Ukraine kama mgeni. Putin hakwenda Bali mwezi Novemba. Alimtuma Waziri wa Mambo ya Nje, Sergei Lavrov. Zelensky alizungumza kwa video. Mawaziri wa fedha walikuwa wamekutana Washington tarehe 20 Aprili, na Mrusi alipoanza kuzungumza, Waziri wa Fedha wa Marekani Janet Yellen na baadhi ya wenzake walisimama wakatoka. Kutoka nje ndiyo silaha pekee waliyokuwa nayo siku ile.

Linganisha na mwaka 2014. Urusi ilipoitwaa Crimea mwezi Machi, hata wiki haikupita, viongozi wa nchi 7 zilizobaki kwenye G8, kundi la nchi 8 tajiri, wakakutana The Hague tarehe 24 na kutangaza kwamba hawaendi Sochi, ambako Urusi ilikuwa imeshajiandaa kuwapokea. Mwezi Juni wakafanyia mkutano wao Brussels. G8 ikarudi kuwa G7. Hawakuhitaji sheria ya bunge lolote, kwa sababu 7 kati ya 8 walikuwa upande mmoja. Kwenye G20, China, India, Brazil na Afrika Kusini hazikutaka kusikia habari ya kumtoa mtu.

Mwenyekiti ana nguvu kiasi gani, tuliona Novemba 2025. Rais Trump, ambaye nchi yake ndiyo mwenyeji wa mwaka 2026, alitangaza kwamba Afrika Kusini haitaalikwa. Afrika Kusini haikuwa imemvamia mtu, na hakuna bunge lililokaa kujadili. Ilitosha mwenyeji kusema hamwalikwi.

Nafundisha General Studies, kidato cha tano na sita. Nataka wanafunzi waandike muswada wa mfano wa aina hii. Unakuwa na sehemu gani, na wanaoandika hukosea wapi? — Mwalimu, Majengo, Moshi

Mwalimu, wape sehemu tano, ila muda mwingi utumie kwenye mbili za mwisho.

Ya kwanza ni tafsiri: nani anazuiwa? "Urusi" haitoshi. Je, ni rais na mawaziri tu, au na gavana wa benki kuu, na mtaalamu anayekaa kwenye kamati ndogo ya bima? H.R. 6891 ulitumia maneno "maofisa wa serikali", na hiyo inabeba wengi. Ya pili ni orodha ya vikao. Hapa wanafunzi wataandika "mikutano yote ya kimataifa", nawe uwarudishie daftari. Muswada ule ulitaja vikao kwa majina: G20, Bodi ya Uthabiti wa Fedha, Benki ya Malipo ya Kimataifa iliyoko Basel, Kamati ya Basel ya usimamizi wa mabenki, na vyama viwili vya kimataifa, kimoja cha wasimamizi wa bima na kingine cha wasimamizi wa masoko ya mitaji. Vikao vinne kati ya hivyo havisikiki kwenye taarifa ya habari, na kwa maoni yetu huko ndiko kufungiwa kunakouma zaidi. Mkutano wa marais ni wa siku mbili na picha ya pamoja. Kamati ya Basel ndiyo inayopanga benki ziweke akiba ya mtaji kiasi gani.

Ya tatu ni anayeagizwa. Kifungu lazima kimtaje mtu mwenye ofisi. Ukiandika "serikali itahakikisha", hakuna atakayewajibika. Pia bunge linaweza kumwagiza waziri wake atumie sauti na kura aliyonayo kikaoni. Haliwezi kumwagiza matokeo ya kikao.

Ya nne ni msamaha, yaani rais kuruhusiwa kuliweka kando katazo akieleza bunge kwa maandishi kwamba maslahi ya taifa yanadai hivyo. Wanafunzi watasema huo ni mwanya. Ni kweli, ila waulize: siku ya kusaini usitishaji vita, nani atakaa mezani na mvamizi kama sheria inakataza hata kukaa naye chumba kimoja? Ya tano ni ukomo. Muswada ule uliweka miaka 5, au siku 30 baada ya rais kuliarifu bunge kwamba uvamizi umekoma, kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Sheria isiyo na ukomo humnyima mvamizi sababu ya kuondoka, kwa kuwa hata akitoka alikoingia mlango unabaki umefungwa.

Wape pia mtindo wa pili wa kuandika. Februari 2023 Baraza hilohilo lilipitisha muswada unaohusu Taiwan. Huo haukusubiri vita: unaeleza kwamba China ikihatarisha usalama wa Taiwan kwa kiwango kilichotajwa, ndipo juhudi za kuiondoa kwenye vikao vilevile zianze. Wa kwanza unaadhibu, wa pili unaonya. Wanafunzi wabishane upi unafaa zaidi. Na wakumbushe kwamba muswada uliopitishwa na Baraza la Wawakilishi peke yake bado si sheria. Unahitaji Seneti na saini ya rais. Ukitaka mfano wa uliofika mwisho, chukua ile ya kuiondolea Urusi na Belarus hadhi ya kawaida ya biashara, iliyosainiwa tarehe 8 Aprili 2022.

Makao ya Jumuiya yako hapa kwetu. Nchi mwanachama wa Afrika Mashariki ikivamia nyingine, inaweza kuzuiwa kukaa kwenye Mkutano wa Wakuu wa Nchi? Bunge la Afrika Mashariki linaweza kutunga sheria hiyo? — Mfanyabiashara, Ngaramtoni

Inaweza kuzuiwa, ila si kwa njia ya Bunge, na sababu yake ni ya kuchekesha kidogo.

Muswada wa Bunge la Afrika Mashariki hauwi sheria mpaka wakuu wa nchi zote wanachama wauridhie. Mmoja akikataa, unarudi bungeni. Ukipelekwa tena akakataa tena, umekufa. Ibara ya 63 ya Mkataba wa Jumuiya ndivyo inavyosema. Kwa hiyo muswada wa kumfungia mvamizi utahitaji saini ya mvamizi mwenyewe.

Njia yenye meno ni Ibara ya 146 na 147 za Mkataba. Ya 146 inaruhusu Wakuu wa Nchi kuisimamisha nchi isiyotimiza misingi na malengo ya Jumuiya. Kuishi kwa amani, ujirani mwema na kumaliza migogoro kwa amani ni misingi iliyotajwa waziwazi kwenye Ibara ya 6. Ya 147 ni ya kufukuza kabisa: hiyo inataka ukiukaji mkubwa na wa kurudiarudia, pamoja na notisi ya maandishi ya miezi 12. Kawaida Wakuu wa Nchi huamua kwa kauli moja, jambo ambalo lingempa mshtakiwa turufu. Waandishi wa Mkataba waliliona hilo, wakaweka Ibara ya 148: katika maamuzi hayo mawili, msimamo wa nchi inayojadiliwa hauhesabiwi.

Tatizo linaloanzia hapo ni la hesabu. Jumuiya ina nchi 8. Ukimtoa anayeshtakiwa wanabaki 7, na wote 7 lazima wakubaliane. Mvamizi akiwa na rafiki mmoja tu, shauri limekwisha. Ndiyo sababu vita vya mashariki ya Kongo havijafika huko. Azimio 2773 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la tarehe 21 Februari 2025, liliitaka Rwanda iache kuwasaidia waasi wa M23 na iondoe wanajeshi wake. Jumuiya ilikuwa imechagua kukaa pamoja na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Dar es Salaam tarehe 8 Februari na kuzungumza usitishaji vita, wote wakiwa mezani. Wako wanaouita huo woga. Sisi tunaona ndivyo kanuni ya kauli moja inavyomsukuma kila mtu, shujaa na mwoga.

Njia nyingine ni mahakama, na mbili ziko hapahapa Arusha. Kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki nchi inaweza kuishtaki nchi nyingine kwa Ibara ya 28. Katibu Mkuu naye, kwa Ibara ya 29, anaweza kuiandikia nchi anayoona imekiuka Mkataba, nayo inapewa miezi 4 ya kujibu. Wewe mwananchi unaweza kufungua shauri kwa Ibara ya 30, lakini ndani ya miezi 2 tangu tendo litokee au tangu ulipolijua. Mashauri mengi ya wananchi huangukia hapo: mtu anakusanya ushahidi kwa mwaka mzima, akifika masjala anaambiwa amechelewa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo ina shauri la Kongo dhidi ya Rwanda, na tarehe 26 Juni 2025 ilitupa pingamizi za awali za Rwanda.

Kuhusu kumfungia mtu kwa kukataa tu kukaa naye, Arusha ina historia yake. Baada ya Idi Amin kupindua serikali Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja. Chombo cha juu cha Jumuiya ya wakati ule kilikuwa mkutano wa marais watatu. Hakikukutana tena. Mawaziri na maofisa waliendelea kuendesha reli, posta, bandari na ndege, lakini kila lililohitaji uamuzi wa marais lilikaa kwenye faili. Kulikuwa na sababu nyingine nzito, fedha za mashirika na ugomvi wa nani anafaidika zaidi, hadi Jumuiya ikavunjika 1977. Hata hivyo, ukitaka kuona gharama ya kugomea kikao cha watu watatu, iko hapo. Kwenye kikao kikubwa gharama ni ndogo: mwaka 1975 Tanzania, Zambia na Botswana hazikwenda Kampala kwenye mkutano wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) uliokuwa chini ya Amin, na OAU ikaendelea na shughuli zake. Majeshi ya Amin yalipoingia Kagera mwaka 1978, OAU ilitaka kupatanisha, haikumlaani. Jumuiya haikuwapo tena ili imsimamishe.

Jambo moja wasomaji wengi hawalijui: Umoja wa Afrika una kanuni ya moja kwa moja kwa mapinduzi (Ibara ya 30 ya hati iliyouanzisha, serikali iliyoingia madarakani kinyume cha katiba hairuhusiwi kushiriki) lakini hauna kanuni kama hiyo kwa uvamizi. Ukipindua rais wako unatolewa kikaoni. Ukivamia jirani, watakaa kikao na wewe.

Kwa nini Bunge letu la Dodoma lisitunge sheria kama hiyo? — Kijana, Usa River

Linaweza. Itawafunga mawaziri wetu wasiende, basi. Haitamzuia mjumbe wa nchi nyingine kuja kwenye kikao cha Jumuiya hapa Arusha, kwa kuwa Tanzania kama mwenyeji ina wajibu wa kinga na haki za wajumbe. Tena sera yetu ni ya kutofungamana: kwenye kura ya Umoja wa Mataifa ya tarehe 2 Machi 2022 ya kulaani uvamizi wa Ukraine, 141 walikubali, 5 walikataa, 35 walijizuia, na sisi tulikuwa kwenye hao 35.

Nafanya kazi za mikutano, usajili na ukumbi. Nchi ikisimamishwa, sisi wa chini tunafanya nini? Siku moja ujumbe uliozuiwa unaweza kutokea mlangoni. — Dada wa itifaki, Arusha

Dai nakala ya uamuzi yenyewe. Tangazo kwa vyombo vya habari halitoshi. Angalia maneno: "imesimamishwa kushiriki shughuli zote" ni tofauti na "haitahudhuria kikao hiki". Nchi iliyosimamishwa bado ni mwanachama, kwa hiyo bendera, kibao cha jina na nafasi kwenye mpangilio wa viti visiondolewe kwa kubahatisha. Sekretarieti ndiyo iseme, kwa maandishi, yenye saini.

Makosa hutokea kwa sababu orodha ni nyingi. Ya vitambulisho iko kwa usajili, ya vibao iko kwa watu wa ukumbi, ya magari iko kwa usafiri, ya vipaza sauti iko kwa fundi. Jina likifutwa kwenye orodha moja, mjumbe anakosa kitambulisho huku kibao chake kiko mezani, na hiyo ndiyo picha itakayosambaa. Mteue mtu mmoja wa kufuta kwenye orodha zote, na mfanye ukaguzi jioni ya kuamkia kikao. Usisahau kiungo cha video; Agosti 2023, Putin akiwa na hati ya kukamatwa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, hakwenda Johannesburg kwenye mkutano wa BRICS, kundi la Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini, lakini alihutubia kwa video. Anayezuiwa ukumbini bila kuzuiwa kwenye kiungo hajazuiwa.

Ujumbe ukifika mlangoni, mlinzi asibishane. Wapelekwe chumba cha pembeni, aitwe ofisa wa sekretarieti. Na waandishi wa tamko la mwisho waandaliwe kwa ajili ya kutoelewana: Februari 2023, mawaziri wa fedha wa G20 walipokutana Bengaluru, tamko la pamoja lilishindikana. India ilitoa muhtasari wa mwenyekiti, wenye maelezo kwamba aya ya 3 na ya 4 zilikubaliwa na wote isipokuwa Urusi na China. Njia hiyo inaokoa kikao. Iwekeni akiba.

Marekani ilipoingia Iraq 2003 nani aliifungia mkutano? — Mzee, Kiborloni

Hakuna, mzee wetu. Shikamoo. Kwenye Umoja wa Mataifa kusimamisha nchi kunahitaji pendekezo la Baraza la Usalama, na Marekani ina kura ya turufu kama ilivyo kwa Urusi. Kwenye Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kumwondoa mwanachama kunahitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake ina zaidi ya 15. Vyombo hivyo viwili viliundwa na walioshinda vita mwaka 1945, wakajikinga.

Nauza kahawa nje. Mnunuzi wa Urusi anauliza bei. Nchi ikifungiwa mikutano, biashara nayo imekatazwa? — A.K., Kibosho

Hapana. Kufungiwa kikao ni jambo moja, vikwazo ni jingine, na kahawa kama chakula haijakatazwa. Hatari yako iko kwenye malipo.

Kabla ya kujibu bei, omba majina matatu: kampuni inayonunua, wenye hisa, na benki itakayolipa. Yapeleke kwenye benki yako, idara ya biashara ya nje, wayapitishe kwenye orodha za vikwazo za Marekani na Ulaya. Kampuni inaweza isiwe kwenye orodha na bado ikazuiwa: kwa kanuni ya Marekani, ikimilikiwa kwa asilimia 50 au zaidi na waliowekewa vikwazo, nayo imeguswa, hata kama wenye hisa ni watatu na kila mmoja ana kipande kidogo. Benki nayo ichunguzwe. Tangu Machi 2022 benki kadhaa za Urusi ziliondolewa SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumia kutumiana maelekezo ya malipo.

Dola zako zitapita benki ya New York hata kama mnunuzi yuko Moscow na wewe uko Kibosho. Benki hiyo ikisita, mambo mawili yanaweza kutokea. Pesa ikirudishwa kwa mtumaji, umepoteza wiki kadhaa. Ikizuiwa kwa sababu jina lililo kwenye orodha limeonekana, hairudi kwako wala kwake bila kibali cha serikali ya Marekani. Kontena la futi 20 linabeba magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2 za kahawa, kwa hiyo usiachie hati halisi za shehena kabla benki yako haijathibitisha kwamba fedha zimeingia. Malipo madogo ya majaribio yakipita si dhamana; lenye kiasi kikubwa ndilo linalokaguliwa na mtu badala ya mashine. Na kwenye mkataba weka kifungu kinachosema malipo yakizuiwa kwa sababu ya vikwazo, nani analipia gharama za kontena likiwa limekaa bandarini, na baada ya siku ngapi unaruhusiwa kumuuzia mwingine.